Tambi za Uyoga kwa Rojo la Korosho na Nazi: Mwongozo Kamili wa Mlo wa Jioni kwa Anayejali Homoni

Malalamiko ni yaleyale. Rojo limekuwa maji. Tui limekatika. Tambi zimeshikana kama ugali wa jana. La nne watu hulisema kwa sauti ya chini: nimekula nikashiba, lakini saa nne usiku njaa imerudi na mkono uko kwenye mkate.

Yote manne yanatibika bila kununua kitu cha bei mbaya. Shida iko kwenye mpangilio wa kazi: nini kinaanza, nini kinasubiri, moto uwe mkali wapi na mdogo wapi. Mwongozo huu umeandikwa kwa jiko la Dar, la gesi ya mtungi au la mkaa, na kwa joto linaloharibu uyoga kabla ya magharibi.

Neno moja kabla ya kuwasha jiko. Hakuna sahani inayorekebisha homoni, na anayekuuzia hivyo ana mzigo wa kumaliza. Mlo unachoweza ni kuzuia sukari isipande kwa kasi kwenye damu baada ya kula. Insulini, inayoishughulikia sukari hiyo, nayo ni homoni. Ikilazimika kumwagwa kwa wingi kila siku inaweza kuchochea ovari kutoa zaidi homoni zinazoitwa za kiume, na hapo hedhi huvurugika. Ndiyo maana wenye PCOS, hali ya ovari inayovuruga homoni na hedhi, huambiwa waangalie wanga kwanza.

## Mahitaji (watu wanne)

- Tambi nene (spageti au makaroni) gramu 280, yaani zaidi kidogo ya nusu ya pakiti ya gramu 500
- Uyoga gramu 600
- Dengu kavu kikombe 1, zilizolowekwa usiku kucha
- Mchicha mafungu 2 makubwa
- Korosho mbichi nusu kikombe
- Nazi 1 kubwa iliyokomaa
- Kitunguu maji 1 kikubwa na kitunguu swaumu punje 5
- Mafuta ya alizeti vijiko 3 vya chakula
- Pilipili manga iliyosagwa muda huohuo, kijiko 1 cha chai
- Ndimu 1, giligilani kiasi, chumvi yenye madini joto
- Nyanya, tango na kitunguu vya kachumbari

Vyombo: sufuria ya lita 5, kikaango kipana kuliko unavyodhani unahitaji, blenda au kinu, chujio na upawa.

Ukiwa dukani, geuza pakiti ya tambi usome. Tafuta neno *durum*. Hiyo ni ngano ngumu, na tambi zake huvumilia maji ya moto bila kulegea ovyo. Za ngano laini hupondeka mapema hata ukizilinda. Ukipata za ngano isiyokobolewa, bora zaidi kwa nyuzinyuzi, ila rojo lake litakuwa na rangi ya udongo kidogo. Mimi huchanganya nusu kwa nusu, kila aina nikiichemsha kwa muda wake.

Korosho ziwe mbichi zilizobanguliwa. Zile za kukaanga zinazouzwa kwenye foleni zina chumvi na hazilainiki vizuri. Kariakoo na Kisutu utapata mbichi, na zilizovunjika huuzwa nafuu. Kwa kuwa unazisaga, nunua hizo.

## Hatua ya 1: Chagua uyoga

Nunua mamama, ule wenye vikofia vipana vinavyokaa kama sikio. Wakulima wadogo wa Dar na Pwani huulima, kwa hiyo unafika sokoni bado mbichi. Ule mweupe wa duara wa supamaketi unafaa pia, ila mamama huchanika kwa mkono na kutafunika kama nyama ya kuku.

Uyoga mzuri ni mkavu ukiugusa, kingo hazijawa njano, na harufu yake ni ya msitu baada ya mvua. Ukiteleza kwenye vidole au ukinuka kama samaki, uache hapohapo. Ukifika nyumbani utoe kwenye nailoni, uufunge kwa gazeti safi au mfuko wa karatasi, uuweke kwenye friji. Ndani ya nailoni unatoka jasho na kuoza.

Onyo: wakati wa masika hutokea watu wakiuza uyoga wa porini barabarani. Kama hujui aliyeuchuma na hujawahi kuula kutoka kwake, usinunue. Sumu ya baadhi ya uyoga haiondoki kwa kuchemsha, na lile jaribio la kuweka kitunguu au kijiko cha fedha kuona kama kitabadilika rangi halithibitishi chochote. Dalili zinaweza kuchelewa saa sita au zaidi, na wakati huo ini limeshaanza kuumia.

## Hatua ya 2: Uanike juani kidogo

Wengi huiruka hatua hii kwa kudhani ni mbwembwe. Uyoga ukipigwa na jua hutengeneza vitamini D, na vitamini D mwilini hufanya kazi kama homoni. Jua la Dar ni la bure.

Chana au kata vipande, uvipange kwenye sinia safi, upande wenye mikunjo ya chini ya kofia ukitazama juu. Weka juani kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, dakika 30 hadi 60, ukifunika kwa chandarua chepesi kwa ajili ya inzi. Usiweke nyuma ya kioo cha dirisha, kwa sababu kioo huzuia miale inayofanya kazi hiyo.

Umefaulu ukiona kingo zimeanza kukauka lakini vipande bado vinapinda bila kuvunjika. Faida ya ziada: maji yamepungua, na maji ndiyo adui wa Hatua ya 5.

Usiutumbukize uyoga kwenye beseni la maji. Ukiwa na vumbi ufute kwa kitambaa chenye unyevu. Wa sokoni wenye mchanga, uoshe haraka chini ya bomba kabla ya kuuanika, uukaushe kwa taulo.

## Hatua ya 3: Chemsha dengu

Mwaga maji ya kulowekea, tia mapya, chemsha mpaka dengu ibonyee kati ya vidole bila kupasuka. Ni kama saa moja na zaidi, au robo tu ya muda huo kwenye jiko la presha. Usitie magadi. Yanaharakisha, lakini yanaacha ladha ya sabuni kwenye rojo na kuua baadhi ya vitamini B.

Dengu zipo kwa sababu uyoga una protini kidogo, kama gramu 3 kwa kila gramu 100. Sahani ya tambi na uyoga peke yake ndiyo inayokurudishia njaa usiku. Usiyependa dengu, tumia kuku aliyechemshwa na kuchambuliwa, au kamba wabichi wa Feri, soko la samaki la Dar, wawekwe dakika tatu za mwisho.

## Hatua ya 4: Saga korosho, kamua nazi

Mwagia korosho maji ya moto, ziache dakika 30. Chuja, kisha zisage kwenye blenda na kikombe kimoja cha maji safi kwa dakika mbili nzima, si nusu dakika. Chukua tone, lipake kati ya vidole. Ukihisi chembechembe, endelea. Umeme ukikatika, kinu kinatosha: twanga korosho zilizolowekwa mpaka ziwe uji mzito, ndipo uongeze maji kidogokidogo.

Nazi ikune kwa mbuzi au ikasagwe sokoni kwa mashine. Tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kanda kwa mkono, kamua, chuja. Hilo ndilo kasimele, tui zito, nawe weka pembeni. Rudia kwa kikombe kingine cha maji upate tui jepesi. Usiyachanganye.

Kwa nini vyote viwili, korosho na nazi? Nazi peke yake ina harufu nzuri lakini hukatika upesi. Korosho hulishikilia tui lisiachane na mafuta yake. Pia unapata uzito wa rojo bila unga wa ngano na bila kuongeza nazi ya pili, ambayo ina mafuta mengi ya aina inayoganda. Kama daktari amekuambia lehemu (kolesteroli) iko juu, acha nazi kabisa, saga korosho kikombe kizima.

## Hatua ya 5: Kausha uyoga kabla ya kuukaanga

Hapa ndipo rojo la maji linapozaliwa, kwa hiyo soma mara mbili.

Sehemu kubwa ya uyoga, karibu asilimia 90, ni maji. Ukiutupa wote kwenye kikaango kimoja chenye mafuta, maji yanatoka kwa pamoja, joto linashuka, na uyoga unachemka kwenye maji yake. Utakuwa wa kijivu na wa kuteleza. Ukimwaga tui juu yake, maji hayo yote yanaingia kwenye rojo.

Fanya hivi:

1. Pasha kikaango kikavu moto mkali, bila mafuta. Tone la maji likidondoka liruke.
2. Weka theluthi moja tu ya uyoga, ukae safu moja, vipande visipandane.
3. Usitie chumvi. Chumvi huvuta maji nje mapema.
4. Uache bila kukoroga dakika mbili. Uyoga utalia, utatoa maji, kisha maji yataisha. Sikiliza: mlio wa kuchemka hugeuka kuwa mlio mkavu wa kuchoma.
5. Sasa ndipo utie kijiko kimoja cha mafuta na pilipili manga. Geuza, subiri kingo ziwe za kahawia.
6. Toa, weka kwenye sahani pana. Endelea na theluthi ya pili na ya tatu.

Usiogope kuuivisha sana. Kuta za uyoga zimejengwa kwa kitu kisichoyeyuka upesi kwa moto, kwa hiyo hauvurugiki kama bilinganya. Wanaouharibu karibu wote ni walioutoa mapema.

Umefaulu ukiwa umepungua karibu nusu, kingo ni kavu, na kikaango hakina dimbwi. Onja kipande kimoja. Kikiwa na ladha ya nyama ya kuchoma kwa mbali, uko salama. Kwa jiko la mkaa, fanya hatua hii makaa yakiwa yamekolea na mlango wa hewa wazi, maana baadaye utahitaji moto mdogo.

## Hatua ya 6: Kitunguu na mchicha

Kwenye kikaango hichohicho, bila kukiosha, kaanga kitunguu maji mpaka kilainike na kuwa cha dhahabu. Tia swaumu iliyopondwa, nusu dakika, isiungue, maana swaumu iliyoungua ni chungu na hakuna cha kuificha.

Tia mchicha uliooshwa maji matatu na kukaushwa. Acha wazi, geuza mpaka unywee na maji yake yaishe. Dakika tatu, basi.

## Hatua ya 7: Chemsha tambi, uzitoe kabla hazijaiva

Maji lita 3, chumvi vijiko 2 vya chai, yachemke kwelikweli kabla tambi hazijaingia. Koroga dakika ya kwanza ili zisishikane. Usitie mafuta kwenye maji: yanazivisha koti, na rojo litateleza badala ya kushika.

Soma muda kwenye pakiti, punguza dakika mbili. Kata tambi moja uitazame katikati: kuna kitone cheupe chembamba. Hapo ndipo pake. Itamalizia kuiva ndani ya rojo.

Sababu ya pili ni ya homoni. Tambi iliyobaki na ugumu kidogo humeng'enywa polepole kuliko iliyolegea, na sukari yake huingia damuni polepole. Najua nyumbani kwetu tambi "iliyoiva" ni ile inayokatika kwa ulimi. Watoto watalalamika wiki ya kwanza.

Kabla ya kuchuja, chota vikombe viwili vya maji ya tambi. Yana wanga ulioyeyuka, na wanga huo ndio gundi ya rojo. Usizisuuze tambi kwa maji baridi, utaiosha gundi yote.

## Hatua ya 8: Unganisha kwa moto mdogo

Punguza moto. Kwa mkaa, toa makaa mawili matatu, funika yaliyobaki kwa jivu, ufunge mlango wa hewa.

Mwaga tui jepesi kwenye kikaango chenye mchicha, likichemka taratibu tia uji wa korosho. Koroga, litaanza kuwa zito ndani ya dakika mbili. Rudisha uyoga na dengu. Tia tambi na nusu kikombe cha maji ya tambi, geuza kwa nguvu dakika mbili.

Kasimele huingia mwisho. Limwage polepole ukikoroga, chota kwa upawa na kurudisha bila kupumzika, na usifunike. Likianza kufukuta pembeni, epua. Likichemka kwa fujo, kile kinachoshikilia matone ya mafuta ndani ya tui huachia, mafuta yanaelea, nawe una mchuzi wenye mabonge.

Tui likikatika, usilitupe. Epua mara moja, tia vijiko vitatu vya maji ya tambi na uji wa korosho kama ulibaki, koroga kwa kasi. Mara nyingi hurudi, ingawa si laini kama lilivyokuwa.

Ndimu kamua ukiwa umeshaepua, kwa sababu tindikali na moto kwa pamoja hukata tui. Tia giligilani, kisha chumvi, ukionja. Chumvi ya kumalizia iwe ile yenye madini joto: tezi ya shingo huyahitaji kutengeneza homoni zake. Nyumbani ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko, madini yake yasipotee.

Umefaulu hivi (pima kabla ya ndimu): pitisha upawa katikati ya kikaango, njia ibaki wazi kwa sekunde moja kisha rojo lijifunge. Lisipojifunga ni zito, ongeza maji ya tambi. Njia isipoonekana kabisa ni jepesi, liache motoni dakika moja zaidi, moto uleule mdogo.

## Hatua ya 9: Pakua kwa mizani

Hapa ndipo mlo unapokuwa wa homoni au unapoishia kuwa tambi tu. Nusu ya kinachoonekana kwenye sahani iwe uyoga, mchicha na kachumbari. Robo iwe dengu. Robo iliyobaki ni tambi. Ukiona tambi zimetawala, umechemsha pakiti nzima.

Gramu 70 za tambi kavu kwa mtu zina wanga kama gramu 50. Kiasi hicho kikifuatana na dengu, uyoga na korosho, sahani inapata protini gramu 20 na kitu pamoja na nyuzinyuzi za kutosha, na tumbo halimwagi kila kitu kwa mkupuo. Anza na kachumbari na vijiko vichache vya uyoga na dengu, tambi zifuate. Mpangilio huo nao hushusha kasi ya sukari.

Na soda? Ukiteremshia sahani hii kwa soda baridi umejihujumu mwenyewe. Maji, au maji yenye ndimu. Juisi ya embe ya kuchuja iko kundi moja na soda kwa usiku huu.

## Sahani isipotosha

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake 10 hadi 13 kati ya 100 walio kwenye umri wa kuzaa wana PCOS, na wengi wao hawajui. Ukikosa hedhi miezi mitatu mfululizo na huna mimba, ukiota ndevu kidevuni, uzito ukipanda au kushuka bila sababu, au shingo ikivimba, nenda ukapimwe. Anzia kituo cha afya cha karibu, wakupe rufaa ikibidi kwenda hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala. Kama unatumia metformini (dawa ya kushusha sukari) au dawa za tezi, usiziache kwa sababu umeanza kula vizuri. Na zile chupa za "kusafisha kizazi" zinazotembezwa mitandaoni, ziache kwa muuzaji wake.

## Kiporo

Chakula cha nazi huchacha haraka kwa joto letu. Kisikae mezani zaidi ya saa mbili, kiingie kwenye friji kwenye chombo cha chini na kipana ili kipoe upesi, kiliwe ndani ya siku mbili. Tambi zilizolala kwenye friji zina sehemu ya wanga iliyogeuka kuwa ngumu kumeng'enywa, kwa hiyo kiporo hiki hakina hasara kwa mwenye kuangalia sukari.

Kukipasha, tia robo kikombe cha maji kwanza kwenye kikaango, ndipo chakula. Moto mdogo, funua, geuza mpaka kitoe mvuke kila upande. Rojo litaonekana limekatika dakika ya kwanza. Endelea kugeuza, litashikana.